Kumsubirisha mtoto wa Desemba

Oktoba ikifika, shule za Arusha na Moshi zikibandika tangazo la kuandikisha watoto wa awali na darasa la kwanza, kuna wazazi wanaokuja na swali lisilohusu ada wala sare. Mtoto amezaliwa mwishoni mwa mwaka. Aingie Januari hii na wenzake, au akae nyumbani mpaka Januari ijayo, akomae kidogo? Wengine huongeza jambo la pili kwa sauti ya chini: nikimsubirisha, si nitakuwa nimewapunja watoto wa wenzangu?

Sisi tunaowapokea watoto hawa mlangoni tunaulizwa hivyo kila mwaka. Tumejifunza kutomjibu mzazi kabla hajapiga hesabu ya miezi, maana wengi huamua kwa kumwangalia mtoto urefu, au kwa kumsikiliza jirani.

Hesabu yenyewe ni fupi. Darasa la awali la Januari 2026 linachukua waliozaliwa 2021, yaani wanaotimiza miaka mitano ndani ya mwaka huo. Aliyezaliwa tarehe 5 Januari 2021 anaingia na miezi 60. Aliyezaliwa tarehe 28 Desemba 2021 anaingia na miezi 48. Wamekaa mkeka mmoja, wamepewa penseli za aina moja, lakini mkubwa ameishi robo zaidi ya umri wote wa mdogo. Robo hiyo ndiyo mwalimu anaiona pale mmoja anapofunga viatu mwenyewe na mwingine bado anavivaa kinyume. Baadaye pengo linapungua lenyewe: wakimaliza darasa la sita, miezi ileile kumi na miwili imebaki kama moja ya kumi na moja ya umri wa mdogo, na mtu asiyejua tarehe zao hawezi kuotea.

Sasa msubirishe huyo wa Desemba. Januari 2027 ataingia na waliozaliwa 2022, akiwa amemzidi mkubwa wao kwa siku chache tu. Pengo la umri darasani halijatanuka sana, mdogo mmoja ameondoka kwenye mkia akaenda kichwani. Lakini msubirishe aliyezaliwa Februari 2021, na atakaa pamoja na mtoto wa Desemba 2022 aliye nyuma yake kwa miezi 22. Huyo anakaribia miaka sita na mwenzake ana minne. Kwa umri wake angekuwa darasa la kwanza. Ndiyo maana wazazi wa waliozaliwa Septemba hadi Desemba tunawasikiliza kwa utulivu, na wa Januari hadi Juni tunawauliza kwanza kama kuna sababu ya kiafya. Wa Julai na Agosti wako katikati, na kwao kinachoamua ni mtoto mwenyewe.

Bibi wa Machame au Marangu akisikia mjadala huu hucheka. Yeye alipelekwa shule siku mkono wake ulipoweza kupita juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Kipimo hicho kilikuwa na akili zaidi kuliko tunavyokitania, kwa sababu uwiano wa mkono na kichwa hubadilika kwa umri na cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Kasoro yake ni kwamba kilipima mifupa tu. Na bibi hasemi uongo anapodai watoto walianza na miaka saba: Sheria ya Elimu ya 1978 iliweka saba kuwa umri wa lazima wa kuandikishwa, na sera ya 1995 ikaweka awali kwenye miaka mitano na sita. Sera ya 2014 ndiyo iliyoshusha: awali mwaka mmoja kwa wa miaka mitatu hadi mitano, na darasa la kwanza kati ya miaka minne na sita kulingana na maendeleo na uwezo wa mtoto. Maneno hayo ya mwisho ni muhimu kwa mzazi. Sera hiyo iliacha nafasi ya kumwangalia mtoto, haikumfunga kila mmoja kwenye tarehe.

Toleo la 2023 la sera hiyo, lililozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, limebadilisha jambo jingine ambalo wengi hawajaliunganisha na swali letu. Elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, na wa kwanza kumaliza kwa utaratibu huo ni wa mwaka 2027. Zamani mtoto aliyeanza darasa la kwanza katika mwaka wa kutimiza miaka sita aliingia kidato cha kwanza katika mwaka wa kutimiza 13. Sasa ataingia mwaka wa kutimiza 12. Aliyesubirishwa mwaka mmoja ataingia na 13, umri uleule wa kaka zake ambao hawakusubiri. Kwa hiyo ile hofu ya kwamba mtoto “atazeekea shuleni” imepoteza uzito. Kilimanjaro imejaa sekondari za bweni, na kati ya mtoto wa miaka 12 na wa 13 kwenye bweni, kufua, kutunza sanduku na kukataa kuburuzwa na wakubwa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Lakini tuwe wakweli kuhusu kinachowasukuma wazazi wa mjini. Wengi hawawazi bweni. Wanawaza intavyuu. Shule binafsi zenye jina, za mchepuo wa Kiingereza, humwita mtoto wa darasa la kwanza akae na mwalimu asome maneno, ajumlishe, aandike jina lake lote, ajibu kwa Kiingereza. Mtoto wa miezi 72 na mtoto wa miezi 60 wanapewa karatasi ileile, wanapangwa kwa alama, na nafasi zinajaa kutoka juu. Hakuna anayeandika miezi pembeni ya alama. Mzazi akishalijua hilo, kumsubirisha kunakuwa njia ya kununua alama kwa muda, na ni njia halali. Shule inayolalamika kwamba wazazi “wanachelewesha watoto kwa ujanja” huku ikiendesha intavyuu ya namna hiyo inalalamikia kitu ilichokitengeneza yenyewe.

Upande wa pili wa mji huohuo kuna mbio za kinyume. Chekechea nyingi za binafsi zina madarasa matatu kabla ya la kwanza, yale ambayo wazazi huyaita bebi, mido na pri-yuniti, na zinapokea mtoto wa miaka miwili na nusu alimradi hana nepi. Mtoto anafika pri-yuniti na miaka minne, amekwisha kulipiwa miaka miwili, na mzazi anaona uchungu kumrudisha. Huyu ndiye tunayemwona akishindwa mara nyingi zaidi. Si kwamba alianza mapema tu. Kila hatua ilihesabu miaka aliyokaa shuleni, haikuhesabu umri wake. Kwake kurudia pri-yuniti si kuchelewa hata kidogo. Ni kurudi kwenye umri wake.

Mzazi anayetaka kuamua vizuri aanze Septemba na ajipe wiki mbili za kumtazama mtoto nyumbani bila kumfundisha. Atazame kama anakwenda choo na kujisafisha bila kuitwa mtu, kama anaweza kufungua chombo chake cha chakula, kama anajua begi lake na sweta lake kati ya mengine. Ampe maagizo mawili kwa mkupuo mmoja, kwa mfano, “peleka kikombe jikoni halafu uniletee kandambili,” aone kama la pili linafika. Amwachie kazi moja ya mikono, iwe shanga au vipande vya kupanga, aone kama anakaa nayo dakika kumi. Aangalie anavyocheza na watoto wasio wa nyumba hiyo: anasubiri zamu, au kila mchezo unaishia kwenye kilio? Na muhimu kuliko yote, aone kama mtu asiye wa nyumbani anamwelewa akizungumza. Mama anaelewa kila kitu, hata kile ambacho hakijasemwa, kwa hiyo si shahidi mzuri hapa. Mwalimu wa shule ya Jumapili au wa madrasa ana jicho zuri zaidi.

Vitu vinavyodanganya ni vingi. Kujua a, e, i, o, u kwa wimbo hakuonyeshi lolote. Mwili mkubwa hauonyeshi lolote, na watoto wakubwa wa mwili ndio wanaoonewa zaidi kwa sababu kila mtu anawadai akili ya umbo lao. Kulia mlangoni wiki mbili za mwanzo ni kawaida hata kwa wa miaka sita. Kilio kinachotutia shaka ni kile ambacho wiki ya nne bado kipo, na mtoto hali, na nyumbani ameanza tena kukojoa kitandani.

Kabla ya kusema mtoto hajawa tayari, piga hesabu ya usingizi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 inataka mtoto wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Gari la shule linalomchukua Ngaramtoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, lizunguke Sakina na Kijenge kabla ya kufika Njiro, linamtaka aamshwe saa kumi na moja. Ili apate saa kumi inabidi awe amelala saa moja usiku, wakati ambao nyumba nyingi za Arusha baba hajafika na ugali haujapikwa. Mtoto wa namna hiyo anasinzia saa nne, anakuwa mkorofi saa tano, na ripoti inaandika “hajakomaa.” Mpeleke shule iliyo umbali wa kutembea, hata kama haina jina, na baada ya mwezi umpime upya. Tumeona watoto waliokuwa wanakaribia kusubirishwa wakitulizwa na usingizi peke yake. Na kwa kuwa tumegusa umbali: tangu Machi 2023 Serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hiyo njia ya kukwepa gari kwa kumlaza mtoto shuleni haipo tena, na kwa maoni yetu haikupaswa kuwepo.

Zipo sababu ambazo kusubiri kunazitibu kweli. Mtoto njiti aliyetarajiwa Februari akazaliwa Desemba amewekwa na kalenda kwenye mwaka usio wake, na kumsubirisha kunamrudisha alipopaswa kuwa. Mtoto aliyelazwa miezi mingi, au aliyefiwa na mama katikati ya mwaka, naye tunamwelewa. Lakini kuna sababu ambazo kusubiri kunazificha. Mtoto asiyezungumza vizuri kwa miaka minne na nusu huenda hasikii, na masikio yanayotoka usaha mara kwa mara yanatosha kumfanya asikie nusunusu. Mwaka mmoja zaidi nyumbani ni mwaka mmoja zaidi bila kipimo. Moshi kuna hospitali ya KCMC yenye idara za watoto, masikio na macho, na huko ndiko pa kuanzia kabla ya kuzungumza na mwalimu mkuu. Vivyo hivyo mtoto aliyelelewa na bibi Rombo kwa Kichaga, au aliyetoka boma la Longido na Kimaasai chake safi. Kiswahili hakimjii kwa kukaa mwaka mwingine mahali ambapo hakizungumzwi. Huyo anahitaji awali kuliko mtoto yeyote wa Shanty Town, mtaa wa wenye nacho pale Moshi.

Hapa ndipo haki inapoingia, na tunaona wengi wanaitafuta mahali pasipo pake.

Marekani ndiko suala hili limepigiwa kelele zaidi. Huko majimbo mengi hutaka mtoto awe ametimiza miaka mitano karibu na tarehe 1 Septemba ili aanze chekechea, na mzazi wa mtoto wa Agosti ana jambo la kuamua. Jiji la New York hukata tarehe 31 Desemba, karibu sawa na hesabu yetu ya Januari. Utafiti wa Bassok na Reardon uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba wanaosubirishwa ni kati ya asilimia 4 na 5.5, na kwamba wengi wao ni wavulana, weupe, wa familia zenye kipato cha juu. Familia maskini hazisubirishi kwa sababu mwaka mmoja wa ziada wa kulelewa mtoto nje ya shule ya umma unalipiwa mfukoni. Bedard na Dhuey, 2006, walilinganisha wanafunzi wa nchi nyingi wakakuta wadogo wa darasa bado wako nyuma ya wakubwa darasa la nne, na pengo halijafutika hata la nane, ingawa limepungua. Na uchunguzi wa 2018 kwenye majimbo yanayokata Septemba mosi ulionyesha kwamba watoto wa Agosti, yaani wadogo wa darasa, waligunduliwa kuwa na tatizo la kutotulia na kukosa umakini kwa asilimia 34 zaidi ya wale wa Septemba. Haiwezekani ugonjwa uchague mwezi wa kuzaliwa kwa kiasi hicho. Mwalimu alimlinganisha mtoto wa mwisho na wa kwanza, akaandika utoto kama ugonjwa.

Sisi huku hatuandiki ugonjwa. Tunasema “mzito.” Neno hilo likishatamkwa mbele ya darasa mwezi wa tatu, mtoto wa Desemba analibeba mpaka darasa la nne, na mwalimu anayempokea analikuta limemtangulia.

Denmark nako kuna utafiti unaotajwa sana, wa Dee na Sievertsen, uliokuta kwamba kuanza mwaka mmoja baadaye kunapunguza kutotulia na kukosa umakini, na kwamba faida hiyo bado ipo mtoto akiwa na miaka 11. Wazazi wanaoupenda huishia hapo. Lakini mtoto wa Denmark anayesubiri hasubiri sebuleni. Yuko kwenye kituo cha malezi chenye walezi waliosomea, chakula na uwanja wa kuchezea, na sehemu kubwa ya gharama inabebwa na umma. Mwaka wake una kitu ndani. Mwaka wa mtoto wa Unga Limited, mtaa wa kipato kidogo hapa Arusha, mama anapotoka alfajiri kwenda sokoni, una nini? Mara nyingi una dada wa kazi wa miaka kumi na sita, televisheni ya katuni, na geti lililofungwa.

Kwa hiyo darasa letu la Januari lina watoto wa aina mbili waliokaa mwaka mmoja zaidi, na kwenye daftari la mahudhurio wanaonekana sawa. Mmoja alisubirishwa kwa hiari: amelipiwa mwaka mwingine wa chekechea, amesomewa hadithi, amekwenda kuogelea. Mwingine alisubiri kwa sababu shule iko mbali mno kwa miguu ya miaka mitano, au mbuzi hawana mchungaji, au masika ilikata njia. Ndiyo sababu kwenye nyanda za Longido na Monduli kuna shule shikizi, ndogo na za karibu, ili wadogo wasitembee hadi shule mama. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 na inahusu awali pia, lakini viatu, sweta la Juni na mchango wa uji bado ni vya mzazi, na tunawajua waliochelewa kwa ajili ya viatu. Kumkasirikia mzazi wa mtoto wa kwanza hakumsaidii wa pili. Kinachomsaidia ni shule kuacha kuwapima kana kwamba miaka yao ilifanana.

Na hilo linawezekana kesho asubuhi, bila waraka. Mwalimu aandike miezi ya kila mtoto pembeni ya jina kwenye daftari la mahudhurio, siku ya kwanza, kwa penseli. Apange vikundi vya kazi za mikono kwa kuchanganya miezi, na vya kusoma kwa kuangalia alipo mtoto. Anapojaza ripoti, alinganishe wa Oktoba na wa Oktoba. Aache kupanga nafasi. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kwenye matokeo ya kitaifa mwaka 2023, lakini bado zipo chekechea zinazomwandikia mtoto wa miaka minne “wa 31 kati ya 32.” Mzazi ana haki ya kurudisha karatasi hiyo na kuomba nyingine, kwa adabu: “Shikamoo mwalimu, naomba uniandikie anachoweza na asichoweza, nafasi sihitaji.” Mwalimu mwenye uelewa hatakataa, na wengi tunaona afueni tukiombwa hivyo, kwa sababu nafasi zile mara nyingi zinadaiwa na ofisi ili kuwaridhisha wazazi.

Idadi darasani nayo ina sauti. Kiwango cha Serikali kwa awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Madarasa mengi yanazidi hapo mara mbili na zaidi, na katika umati huo mwalimu huenda na mwendo wa wanaomaliza kwanza. Kabla ya kuamua, tembelea darasa lenyewe, siku ya katikati ya wiki, kama saa tatu asubuhi. Siku ya wazazi haikuonyeshi kitu. Hesabu watoto, hesabu watu wazima, angalia umbali wa choo na kama mlango wake unafungwa na mkono mdogo, uliza uji unatoka saa ngapi. Mtoto wa Desemba kwenye darasa la watoto 25 lenye msaidizi anaweza kuingia bila wasiwasi. Mtoto huyohuyo kwenye darasa la 90 afadhali asubiri, kama nyumbani kuna mtu wa kukaa naye.

Akisubiri, mwaka upangwe kabla haujaanza. Tunachoomba ni asubuhi tu. Watoto wasiopungua watatu au wanne wa kucheza nao, wa nyumba nyingine, siku nyingi za wiki. Hapa shule ya Jumapili, madrasa na uwanja wa jirani vinafanya kazi ambayo pesa haifanyi. Hadithi moja kila jioni, kisha mtoto aisimulie yeye kesho yake. Vidole vifanye kazi: kumenya karanga, kuchambua maharage, kutunga shanga, kukata karatasi kwa mkasi butu. Chaki mpe iliyokatwa vipande vya sentimita mbili au tatu, maana kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kinamlazimisha atumie vidole vitatu, na mshiko wa penseli unakuja bila kugombezwa. Hesabu ifanywe kwa visoda ishirini kwenye mkebe: gawa, ongeza, ficha vitatu, vimebaki vingapi. Herufi dakika kumi na tano kwa siku zinatosha. Vitabu vya pri-yuniti msivifungue. Mtoto aliyevimaliza nyumbani ataingia Januari akivijua vyote, atamaliza kabla ya wenzake, atachoka, atavuruga, na mpaka Juni atakuwa amejifunza kwamba shule haihitaji juhudi. Tumeona hilo likimgharimu mtoto darasa la tatu, masomo yanapoanza kuongezeka na yeye hana mazoea ya kushindwa na kujaribu tena.

Ajali nyingine hutokana na ratiba. Kumtoa mtoto Aprili baada ya kumwingiza Januari ni kubaya kuliko maamuzi yote mawili, kwa kuwa yeye hulielewa kuwa amefukuzwa. Ukisubirisha mkubwa na mdogo wake amemfuata kwa miezi kumi na mitatu, angalia wasije wakaangukia darasa moja. Ukiwa na wazo la kumhamishia kwenye shule ya kimataifa inayoanza mwaka Agosti, waulize kwanza wanakata umri tarehe ipi, kwa maana mtoto wa Oktoba anaweza kuwa mdogo kwa kalenda ya Januari na mkubwa kwa ile nyingine, na kusubiri kwako kukawa hakukuwa na maana. Na tarehe ya kuzaliwa isiguswe. Kuna wanaomhamisha wa Desemba kwenda Januari kwenye cheti ili asipangwe na wakubwa. Kadi ya kliniki inabaki na tarehe ya kweli, chanjo zimeandikwa humo, na siku ya pasipoti, ya kitambulisho cha NIDA au ya kuchaguliwa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, karatasi hizo zinakutana mezani.

Uamuzi ufanyike kabla ya darasa la kwanza. Awali na chekechea vinaruhusu kumsogeza mtoto kwa mazungumzo ya mzazi na mwalimu mkuu. Akishasajiliwa darasa la kwanza anaingia kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, na kumrudisha nyuma hapo kunakuwa barua na maelezo. Wiki ya mwisho ya Machi mzazi aje tena akae nyuma ya darasa dakika ishirini, awe alisubirisha au hakusubirisha. Wa Desemba aliyeingia na miezi 48 aangaliwe kama ana rafiki na kama anathubutu kunyoosha mkono. Huyo aliyesubirishwa aangaliwe kama mwalimu amemfanya kiranja, mgawa madaftari na msimamizi wa mstari wa choo, kwa sababu ndiye mkubwa na anasikia haraka. Inatokea karibu kila darasa. Muombe mwalimu kazi hizo zizunguke kila wiki kwa kufuata orodha ya majina, na wa Desemba apate wiki yake ya kugawa madaftari, hata kama atachukua dakika tano zaidi na mawili yataanguka.